Simu Inaponyamaza, Nani Anayesema Moyoni?



Tuseme mumeo ni askari polisi, na kazi imempeleka Hulugho, kule mpakani na Somalia. Wewe umebaki Mwingi na watoto. Ijumaa jioni unapiga simu, haipatikani. Jumamosi, vivyo hivyo. Usiku hulali. Kufikia Jumapili, umepiga magoti kanisani na tayari unamjua hata mwanamke aliye naye, na rangi ya leso yake. (Usicheke. Wengi wetu tumefika huko, wanaume kwa wanawake.)

Sasa tulia, tuulizane. Unajua nini hasa? Unajua jambo moja tu: simu haikupatikana. Mengine yote umeyaongeza wewe. Katika Kaunti ya Garissa, al-Shabaab wameharibu milingoti ya mawasiliano mara kadhaa, na mvua kubwa za Novemba 2023 zilikata barabara. Kimya kina sababu nyingi, lakini moyo wenye hofu huchagua ile inayouma zaidi.

Daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, alilitambua jambo hili miaka ya 1960 alipokuwa akiwatibu watu wenye huzuni nzito. Aliona kwamba kuna mawazo yanayopita akilini upesi, bila kuitwa, na mgonjwa huyasadiki bila kuyachunguza. Akawafundisha kuyakamata na kuyahoji kama shahidi mahakamani: ushahidi uko wapi? Hakuna maelezo mengine?

Lakini sisi tuna swali la pili. Je, kumwazia mwenzi mabaya ni dhambi? Wazo lililobisha hodi tu si dhambi, kwa maana hukuliita. Shida huanza unapolifungulia mlango na kulipa kiti. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2477, yasema ana hatia ya hukumu ya haraka yule anayekubali, hata kimoyomoyo, kwamba jirani ana kosa, bila msingi wa kutosha. Hata kimoyomoyo! Na jirani aliye karibu kuliko wote ni yule uliyefunga naye ndoa. Namba inayofuata, ikimtaja Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yatutaka tuelekee kumwelewa mwenzetu kwa wema, na tukishindwa, tumwulize anamaanisha nini.

Utaniuliza, basi nijifanye kipofu? La hasha. Ikiwa karo imekoma kuja kwa miezi mitatu bila maelezo, hilo si wazo, ni jambo. Lipeleke mbele yake, kisha kwa wasimamizi wenu wa ndoa au kwa padre. Ikiwa kuna kipigo, usikae ukijihoji: tafuta usalama. Anayehoji mawazo yake anatafuta ukweli, na pengine ukweli huo ni mchungu.

Jihadhari zaidi na maneno mawili, "siku zote" na "kamwe". Hanijali kamwe. Siku zote ni mimi tu. Chukua daftari, andika upande mmoja ulichokiona, upande wa pili ulichokiongeza. Mara nyingi upande wa pili ndio utakaojaa.

Na mtandao ukirudi Jumatatu, usianze na "Ulikuwa na nani?" Sema, "Nilishikwa na hofu. Kulitokea nini huko?" Huenda akakuambia kwamba naye, siku hizo zote, alikuwa akijiuliza kwa nini umeizima simu yako.