Katika Zawadi, Kifichwe Nini?

Kila Desemba, katika maduka ya Arua huonekana picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe na joho jekundu. Watoto humwita Baba Krismasi. Nyuma ya picha hiyo yupo Nikolao, askofu wa karne ya nne katika mji wa Myra, nchi ambayo leo ni Uturuki. Waholanzi walimwita Sinterklaas, na jina hilo lilipofika Marekani likageuka kuwa Santa Claus. Wakristo humkumbuka tarehe 6 Desemba. Katika insha hii nataka kuuliza swali ambalo kisa chake kinatuachia: je, anayetoa msaada ni lazima ajifiche?

Habari za maisha ya Nikolao ziliandikwa karne kadhaa baada ya kifo chake, kwa hiyo hatuwezi kuzichukua zote kuwa historia. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha baba aliyefilisika akiwa na mabinti watatu. Sisi Wakakwa wa Koboko, kama jirani zetu Walugbara wa Arua, tumezoea kuona upande wa mume ukileta ng'ombe na mbuzi. Huko mambo yalikuwa kinyume: baba wa binti ndiye aliyetoa mali. Baba huyu hakuwa nayo, akafikia kufikiria kuwaingiza binti zake katika ukahaba. Nikolao alisikia, akaenda usiku, akatupa mfuko wa dhahabu dirishani. Binti wa kwanza akaolewa. Akafanya hivyo kwa wa pili, na kwa wa tatu.

Wengi huishia hapo, wakisema funzo ni kutoa kwa siri. Dini zetu zote mbili kubwa, Ukristo na Uislamu, husifu sadaka ya siri, na Waswahili husema: tenda wema nenda zako. Lakini kisa kina mwisho. Usiku wa mara ya tatu baba alikesha, akamkimbilia mtoaji, akamshika na kumshukuru. Nikolao hakukana. Alimwomba tu asimwambie mtu.

Mwisho huo una maana kubwa kwangu, kwa sababu ya mambo mawili niliyoyaona.

La kwanza lilitokea Arua, katika ukumbi mmoja, wakati wa sherehe ya kugawa zawadi za Krismasi. Rafiki yangu wa sekondari aliitwa mbele. Jina lake lilisomwa, ikatajwa kwamba ni yatima na kwamba nyumbani kwao hula mara moja kwa siku. Akapewa godoro na karo ya muhula, akaambiwa atabasamu, akapigwa picha. Karo ilimsaidia kweli. Siwezi kusema vinginevyo. Lakini muhula ulipoanza, wenzetu walimwita "Godoro". Aliniambia angependa kuwashukuru waliomlipia, ila hakuwajua. Ukumbi mzima ulimjua yeye.

La pili nalijua kwa bibi yangu. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Bibi alivuka hadi upande wa Ariwara akiwa na watoto wanne. Asubuhi moja alikuta mlangoni ungo wenye muhogo mkavu, umewekwa kabla majirani hawajaamka. Alimtambua mwenye ungo kwa ufumaji wake. Akaula muhogo, akasubiri, na mavuno yalipopatikana akaurudisha ungo ukiwa na maharagwe, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Miaka mingi baadaye, Wakongo walipokimbilia Koboko na wengine kupewa makazi Lobule, bibi aliiachia familia moja sehemu ya shamba lake. Tulipomuuliza kwa nini, alisema bado anarudisha ungo.

Kama mwenye ungo asingejulikana kabisa, bibi angebaki na deni lisilo na mlango wa kulipeleka. Zawadi ya mtu asiyejulikana hushibisha, lakini humnyima mpokeaji nafasi ya kuwa mtoaji kesho. Kwa hiyo sikubali kwamba jina la mtoaji ndilo la kufichwa. Kinachopaswa kufichwa ni aibu ya mpokeaji, na anayefichwa aibu hiyo ni umati. Nikolao na yule baba walijuana, mji haukujua. Bibi na mwenye ungo walijuana. Majirani walikuwa wamelala. Ukumbini ilikuwa kinyume.

Wapo watakaosema kwamba siri huzaa wizi. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2018 wakimbizi nchini Uganda walihakikiwa upya kwa alama za vidole, na idadi iliyokuwa takriban milioni 1.4 ikashuka hadi takriban milioni 1.1. Anayetoa fedha ana haki ya kujua zimefika. Lakini tazameni kilichofichua tofauti hiyo: ni uhakiki, kidole na daftari la mhesabu. Uwajibikaji unahitaji mkaguzi. Hauhitaji mtoto asimame mbele ya watu aelezwe njaa yake.

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tumesoma kwa karo ya mtu fulani, na baadhi yetu kesho tutakuwa wafadhili, viongozi wa makanisa na misikiti, au maofisa wa mashirika. Siku hiyo tutapewa orodha ya majina na kamera. Orodha tuikague vizuri. Kabla ya kuinua kamera, tujiulize kama yule mtoto ataweza kupita sokoni Jumatatu bila kuitwa kwa jina la kitu tulichompa.