Nyongo ya Mamba

Katika kitabu cha Ayubu Mungu amnena mnyama wa majini mwenye magamba na meno ya kutisha, na waelezaji wengi wamedhani ya kuwa ndiye mamba. Angalieni: Mungu hamtaji kuwa pepo wala mchawi, bali kazi ya mikono yake.

Basi na tumtazame. Mamba ni mnyama atambaaye, kama nyoka, mjusi na kobe, ijapokuwa wenye elimu watuambia kwamba kati ya viumbe vilivyo hai ndege ndio walio jamaa yake wa karibu zaidi. Moyo wake una vyumba vinne. Meno yake hushika na kurarua, hayatafuni. Nyama humezwa mapande mapande pamoja na mifupa, na tumbo ndilo lenye kazi. Akiisha kushiba huota jua, na asidi ya tumboni, iliyo kali mno, huyeyusha hata mifupa ile. Mawe nayo huonekana humo. Wengine husema ni hesabu ya watu aliowala. Si kweli: hata mamba asiyemla mtu humeza mawe.

Na nyongo? Hutoka katika ini ili kulainisha mafuta ya chakula, kama nyongo ya ng'ombe. Lakini mahali pengi yaogopwa kuliko meno.

Mwezi wa Januari 2015, huko Chitima, jimbo la Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe baada ya maziko, wakafa watu 75. Mara ikanenwa: ni nyongo ya mamba. Fikirini neno hilo. Nyongo haijitii chunguni. Lazima yuko aliyeitia, na kijiji chenye makaburi mengi mapya kitamtafuta. Mama mwenye pombe naye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Baadaye wachunguzi waliona sumu iliyofanywa na vijidudu katika unga wa mahindi, sumu isiyoharibiwa na moto.

Ninyi walimu wa vijijini huitwa matangani kabla ya daktari. Luther, akiieleza amri ya nane katika Katekisimo Ndogo, hakutosheka na kukataza uongo. Ataka pia tumtetee jirani. Kazi hiyo haingoji Jumapili. Maneno ya namna hii huanza usiku wa kwanza, moto ungali ukiwaka, na mara nyingi atajwaye ni mjane, au mgeni asiye na wa kumsemea.