Fremu ya Miwani: Pambo au Haja?

Huenda wasomaji wetu wakastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumza juu ya ilimu na tabia, leo wazungumza juu ya fremu za miwani. Walakini mas'ala makubwa aghlabu hujificha ndani ya vitu vidogo. Hili tulilifahamu baada ya kukosea, wala hatuoni haya kulieleza kosa letu.

Siku moja alitujia mzazi mmoja kutaka shauri. Binti yake, mwenye miaka 12, alikuwa amepimwa macho akaonekana haoni mbali. Dukani palikuwa na fremu mbili: moja nyeusi, nene, ya bei ndogo; ya pili nyembamba, ya rangi ya kahawia, iliyomkaa vyema usoni, na bei yake karibu mara mbili. Lenzi ni zile zile. Mtoto aliitaka ile ya pili, na baba aliweza kuilipia, ila alichelea israfu. Sisi tulimjibu upesi: "Mnunulie ile ya kwanza. Miwani ni ya kuonea, si ya kuonwa." Tukajiona tumesema neno la hekima.

Miezi mitatu baadaye mwalimu wake wa chuoni alitueleza kwamba binti yule, aliyekuwa mbele ya wenziwe, sasa akosea kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Kulipochunguzwa, miwani ilipatikana ndani ya mkoba, imefungwa kitambaani, mpya kama ilivyotoka dukani. Wenziwe walimcheka siku ya kwanza wakambandika jina baya, naye hakuivaa tena. Basi ile miwani ya bei ndogo ndiyo iliyokuwa ghali, kwani kitu kisichotumiwa, hata shilingi moja iliyotolewa kwacho ni israfu. Na walioisababisha israfu hiyo ni sisi, si binti yule.

Tuliporejea vitabuni tulikuta jambo tulilolisoma ujanani tukalisahau mahali pa kulitumia. Imamu al-Shatibi, mwanachuoni wa Granada aliyefariki mwaka 1388, aeleza kuwa maslaha ya watu yana daraja tatu: ya dharura, ambayo maisha hayasimami bila yake, ya haja, ambayo bila yake watu huingia katika uzito, na ya tahsini, yaani yale yapendezeshayo. Wengi wetu huidharau daraja hii ya tatu tukadhani ni upuuzi. Yeye haoni hivyo. Aifanya kuwa kikamilisho na mlinzi wa zile zilizo juu yake, na aonya kwamba ikibomolewa kabisa, hata za juu huenda zikaingia ila. Lakini huweka na sharti: kikamilisho kikiwa chaharibu asili yake, huachwa.

Kanuni hii yatosha kutuongoza. Macho ya binti yule yalikuwa haja, na uzuri wa fremu ulikuwa mlinzi wake. Sisi tulimfukuza mlinzi, na nyumba ikaibiwa.

Basi achaguaye fremu na aanze na jicho, kisha uso. Kwanza apimwe na mjuzi. Pili atazame mkao: fremu isibane puani wala kuteleza, mikono yake isifinye nyuma ya masikio, na mboni ikae karibu na kati ya lenzi. Ndani ya mkono huandikwa tarakimu tatu, mathalani 50, 20 na 140; nazo ni upana wa lenzi, upana wa nafasi ya pua, na urefu wa mkono, kwa milimita. Mwenye kuzijua zimfaazo hatahangaika. Asiyeona mbali, ikiwa lenzi zake zina nguvu sana, asichague fremu pana, kwani lenzi hizo huwa nene pembeni, na miwani itakuwa nzito. Na mwenye kusali nayo aijaribu: ikimzuia kuweka paji na pua chini katika sijida, haimfai, au aivue.

Yakishatimia hayo, na atafute uzuri wala asione haya. Watu husema uso wa mviringo hupendezwa na fremu yenye pembe, na uso wenye pembe hupendezwa na fremu ya mviringo. Huo ni mwongozo, si sharia. Kioo na rafiki mkweli hushinda kanuni zote. Mtume alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, hakumlaumu. Alibainisha kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Na mpaka upo. Fremu ya dhahabu haimhalalikii mwanamume. Kukopa ili kufuata mtindo ni kujifunga mwenyewe. Wala uzuri usinunuliwe kwa madhara. Magamba ya ng'amba yalisafirishwa kutoka pwani yetu kwa karne nyingi, na Ulaya yalitengenezewa vitana na fremu za fahari, hata kobe huyo akakaribia kumalizika. Biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku tangu mwaka 1977 chini ya mkataba wa CITES. Leo rangi ile ile ya madoadoa huigwa kwa plastiki. Uzuri umebaki, na kobe amepumzika.

Enyi ndugu, tulimwendea binti yule na baba yake, tukakiri kuwa shauri letu lilikuwa baya. Amenunuliwa ile ya kahawia, naye huivaa tangu asubuhi hata wakati wa kulala. Na wale waliomcheka tumewafundisha, kwani kosa la kwanza lilikuwa lao, na la pili letu: tulikemea pambo, tukanyamazia dhihaka. Mtu hujiona ana zuhudi anapowanyima wengine jambo ambalo yeye halihitaji. Hiyo si zuhudi, ni ukali usiogharimu kitu.

Wabillahi taufiki.