Deni la Mvukaji

Mtu avukapo daraja imara halifikirii daraja; huifikiria ng'ambo aendako. Nilitambua jambo hili siku moja ya kaskazi, nilipotoka kisiwani Mombasa kwa miguu na kuvuka Daraja la Nyali. Jua la Januari lilikuwa kali. Mimi ni mwenyeji wa Siakago, nchi iliyozoea jua, lakini joto la pwani lina unyevu usiojulikana kwetu. Magari yalipita kwa wingi ubavuni mwangu, na chini yangu maji ya hori ya Tudor yalimetameta.

Katikati ya daraja nilisimama kupumzika. Nikakumbuka kwamba tangu mwaka 1931 watu walivuka hori hii juu ya daraja lililoelea majini, na kuvuka kulikuwa kwa ada. Daraja nililokanyaga lilifunguliwa mwaka 1980, nami sikutozwa hata senti moja. Swali likanijia: Je, avukaye bure hana deni?

Mtu wa hesabu atajibu kuwa hana. Wajenzi walikwisha kupata ujira wao, na serikali hujenga kwa kodi ya raia. Jibu hili ni la haki, wala silidharau, lakini limepunguka. Ujira hulipa jasho la mjenzi. Haulizuii daraja kuchakaa kesho. Aliyevuka leo hawezi kumlipa aliyejenga zamani. Awezaye kulipwa ni yule atakayevuka baadaye.

Naijua kweli hii kwa uchungu. Nilipokuwa mwanafunzi, palikuwa na gogo juu ya kijito tulichovuka kwenda shuleni. Wakati wa kiangazi kijito kilikauka, na gogo likawa kiti cha wachunga mbuzi. Mvua za Novemba ziliponyesha, maji mekundu yaliteremka kwa nguvu, na gogo likawa njia pekee. Sikupata kujua ni nani aliyeliweka. Mwaka wangu wa mwisho niliona ufa katikati yake. Nikasema moyoni: Mimi naondoka, wabakiao watalitengeneza. Nadhani kila mmoja wetu alisema vivyo hivyo. Mvua zilipokuja, gogo lilikatika chini ya miguu ya mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni na mzigo wake. Aliokolewa, lakini tangu siku ile alichechemea. Sikulivunja gogo mimi. Je, naweza kusema kuwa sina hatia?

Nilimaliza kuvuka, nikafika Kengeleni. Mahali hapo paliitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1870. Kengele ile ilipigwa kuwaonya watu wakati wateka watumwa walipokaribia. Aliyeipiga hakujionya nafsi yake, maana yeye alikwisha kuiona hatari, aliwaonya wenziwe. Mimi niliuona ufa nikanyamaza.

Lugha yetu huita daraja njia ipitayo juu ya maji, tena huita daraja cheo cha mtu. Ewe kijana usomaye, elimu itakupandisha daraja. Siku utakapoona ufa katika njia ya watu, usiulize kama gogo uliliweka wewe. Uliza ajaye nyuma yako ni nani.