Aliye Juu na Aangalie Chini

Masomo: Ayubu 39:19–25; Ezekieli 34:17–19; Zekaria 9:9–10



Vijana wa mtaa wetu, pamoja na baadhi ya akina mama, wameomba kufanya safari ya siku moja. Asubuhi wangependa kupanda farasi katika mashamba ya upande wa magharibi wa Moshi, ambako wapo watu wanaofuga farasi na kuwatembeza wageni. Mchana wangeshuka kwa gari mpaka Kahe, wakazitazame chemchemi za Miwaleni, kisha warudi nyumbani kabla ya giza. Ombi hilo limezusha maneno. Mzee wetu mmoja aliuliza baada ya ibada: "Farasi ni mchezo wa matajiri. Kanisa linatafuta nini huko?" Swali hilo si la kubezwa. Limetufanya tuyafungue tena Maandiko, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Jambo la kwanza: Si kosa kwenda kutazama kazi za Mungu. Ayubu alipokuwa ameketi katika majivu, akitaka kujua sababu ya mateso yake, Mungu hakumpa maelezo ya sababu hizo. Alimwonyesha. Alimpitisha baharini, kwenye ghala za theluji, kwa mbuni na kwa tai. Na katikati ya hao alimwonyesha farasi, jinsi anavyopara ardhi kwa kwato zake na asivyoogopa mlio wa baragumu. Ayubu hakuwa tajiri tena siku hiyo. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu, na bado Mungu aliona kwamba yafaa atazame. Bwana wetu Yesu naye, alipotaka kuwaondolea wanafunzi hofu ya chakula na mavazi, aliwaambia wawatazame ndege na maua.

Sisi tuliotumia miaka yetu katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wetu: mtoto akiweza kuutaja Mto Yordani lakini asiujue mto unaopita nyuma ya shule yake, somo lake halijakamilika. Wengi wetu tumezaliwa chini ya mlima huu wenye kimo cha meta 5,895, watu wanatoka nchi za mbali kuja kuuona, na sisi hatujawahi kusimama hata kwenye chemchemi moja inayotoka miguuni pake. Kwa hiyo waende. Lakini swali la mzee lina haki yake pia. Safari ya mtaa ambayo maskini hawezi kwenda si safari ya mtaa. Wenye nafasi na wawachangie wasio na nauli, kimya kimya, bila kutangaza majina.

Jambo la pili: Farasi ni mwalimu, kwa mwenye kutaka kufundishwa. Mnyama huyu ana uzito wa kilo mia nne na zaidi. Akitaka kumtupa mtu aliyempanda, hakuna wa kumzuia. Hata hivyo kipande kidogo cha chuma kinywani, yaani lijamu, na hatamu mbili za ngozi vyatosha kumgeuza kulia na kushoto. Mtume Yakobo alitumia mfano huo huo katika mlango wa tatu wa waraka wake alipokuwa akiuonya ulimi. Nayo Zaburi ya 32 inatuonya tusiwe kama farasi na nyumbu, ambao hawaji mpaka wavutwe kwa chuma. Mungu anatutaka tutii kwa kumjua, siyo kwa kuumizwa kinywa.

Mtazameni pia saisi, yaani mtu anayemtunza farasi. Aliamka kabla ya wageni, akamlisha, akamsugua, akazikagua kwato zake, akamfunga tandiko. Wageni watapiga picha na kuondoka, naye atabaki kufua jasho la farasi. Mara nyingi katika safari za namna hii hakuna anayemwuliza hata jina lake. Wakristo wasiende hivyo.

Hapa ndipo ilipo hatari ya kupanda farasi. Ukiisha kukaa juu ya tandiko, kichwa chako huwa juu ya vichwa vya watu wote. Mama aliyebeba ndizi anasogea pembeni kukupisha. Mtoto anakuangalia kwa kuinua uso. Hujafanya lolote la kustahili heshima hiyo; umeinuliwa tu na miguu ya mnyama. Lakini moyo wa mwanadamu ni mwepesi, na baada ya nusu saa huanza kudhani kwamba kimo hicho ni chake mwenyewe. Wahenga walisema: aliye juu mngoje chini. Hayo ni maneno ya walio chini, wanaovumilia. Injili inasema na aliye juu: shuka mwenyewe, kabla hujangojewa.

Jambo la tatu: Nchi ya Kahe imekwisha kuona farasi wa namna nyingine. Hili vijana wetu wasiende bila kulijua. Mwezi Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini yaliuteka mji wa Moshi, kisha yakashuka Kahe kuwafukuza Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck kwenye reli ya Tanga. Tarehe 21 Machi askari wapanda farasi wa Jenerali van Deventer, waliotoka Moshi kwa kuzunguka upande wa magharibi, walikishika kilima cha Kahe. Usiku ule Wajerumani wakarudi nyuma, ng'ambo ya Mto Ruvu. Nchi ile ambayo leo tunakwenda kutazama maji ilikuwa imejaa moshi wa baruti.

Na wale farasi waliishia wapi? Mwezi uliofuata wapanda farasi hao walipelekwa Kondoa Irangi wakati wa masika. Mvua, mbung'o na maradhi viliwaua farasi kwa mamia njiani. Wanyama walipokwisha, mizigo ya vita haikuachwa chini. Ilihamishiwa mabegani mwa baba na babu zetu. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi wao kwa njaa na magonjwa, na walio wengi makaburi yao hayajulikani. Zaburi ya 33 inasema wazi kwamba farasi si wa kutegemewa kwa wokovu. Kahe ni ushahidi wake katika wilaya yetu wenyewe: wenye nguvu walipanda, nguvu ikawafia, na uzito wote ukawaangukia walio chini.

Tukumbuke pia kwamba Injili haikuja katika nchi hii kwa farasi wa vita. Johannes Rebmann, mjumbe wa CMS, alikuja Uchagani mwaka 1848 kwa miguu kutoka pwani, akiwa na mwavuli wake, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wasomi wa Ulaya walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Naye Mwokozi wetu, siku ya Matawi, aliingia mjini juu ya punda, kama alivyotabiri Zekaria. Nabii huyo anaongeza katika aya inayofuata kwamba Mfalme huyo atamwondoa farasi wa vita Yerusalemu. Mnyama mwenyewe hana kosa. Linaloulizwa ni hili: amebeba nini, na kwa shabaha ya nani?

Jambo la nne: Leo kuna mahali pengine pa kukaa juu, nako ni kwenye maji. Msafara ukifika Miwaleni utaona maji safi yakibubujika katika tambarare yenye joto na vumbi. Watu hudhani ni theluji iliyoyeyuka. Wataalamu wanatuambia kwamba sehemu kubwa ya maji ya chemchemi zetu ni mvua inayonyesha kwenye msitu wa mlima, ikazama katika mawe ya volkano, ikapita gizani chini ya miguu yetu na kutokea huku chini. Msitu huo uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Basi anayekata mti huko juu anamkata jirani ambaye hamwoni.

Wazee wa Kichagga waliyajua mambo hayo bila vyombo vya kupimia. Walichimba mifongo iliyoyaleta maji toka mabondeni mpaka migombani, na kila mfongo ulikuwa na wakuu wake na zamu zake. Asiyekuja siku ya kuutengeneza alitozwa faini. Aliyekuwa karibu na chanzo alijua kwamba maji yakipita kwake bado yana mwenyewe.

Kwenye tambarare tumeona jinsi utaratibu unavyovunjika. Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Mpunga ulistawi sana. Wakulima waliokuwa juu ya mradi walipoyaona mavuno hayo, nao wakayachepusha maji ya Mto Rau wakalima mpunga wao. Hakuna aliyekusudia kumtia jirani yake njaa. Kila mmoja alichukua kidogo. Lakini maji yakapungua, na mashamba mengi ya chini yaliyokuwa yametengenezwa yakakosa maji. Huyo ndiye farasi wa zamani hizi: mtu amekaa juu, na hawaoni walio chini.

Nabii Ezekieli amenena habari hii kana kwamba alipita mitaroni kwetu. Katika mlango wa 34 Mungu anawauliza kondoo wanono: haikuwatosha kunywa maji safi, hata mkayachafua kwa miguu yenu yale yaliyosalia? Angalieni kwamba hawakemewi kwa kunywa. Kunywa ni haki yao. Wanakemewa kwa kuwasahau wanaofuata.

Tena maji ya Kahe hayaishii Kahe. Yanaingia Mto Ruvu. Ruvu na Kikuletwa hukutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Na kutoka hapo Mto Pangani huenda mpaka Bahari ya Hindi. Jina la bwawa hilo latuuliza swali. Maji ya jirani yanapita Nyumba ya Mungu. Je, habari ya maji hayo inapita pia katika nyumba ya Mungu tunamokusanyika kila Jumapili? Mtu aweza kupokea Ushirika Mtakatifu saa nne, na usiku ule ule akaufunga mtaro wa mwenziwe?

Kwa hiyo, wapendwa, tunawapa wasafiri wetu mashauri haya machache. Kwanza, mumwulize saisi jina lake, na mmshukuru kwa mkono usio mtupu. Pili, mnapokutana na mtu njiani mkiwa juu ya farasi, ninyi mwanze kumwamkia, hasa akiwa mtu mzima. Msingoje awape shikamoo kwa sababu mko juu. Tatu, huko Miwaleni msifue wala kutupa takataka. Kuna watu wanakunywa mbele yenu. Nne, kabla ya kurudi, kaeni na ndugu zetu wa Kahe, muwaulize maji yamefikaje kwao mwaka huu. Msiwajibu. Sikilizeni tu, kisha mtuletee majibu yao kanisani, tuyaweke mbele ya wenye mashamba huku juu.

Zekaria, katika mlango wake wa mwisho, anaona siku ambayo hata njuga za farasi zitaandikwa kwamba ni takatifu kwa Bwana, maandishi yale yale yaliyokuwa kwenye kilemba cha kuhani mkuu. Basi matembezi ya siku moja yaweza kuwa matakatifu, na zamu ya maji vilevile.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezitoa chemchemi mabondeni, utupe mioyo inayoshuka yenyewe. Ushike hatamu za ulimi wetu, mali yetu na maji yetu, ili aliye chini asipungukiwe kwa sababu yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.