KUMJUA MUNGU NA KUMTEGEMEA

 

Ndugu zangu Waislamu, wengi wetu tulisomeshwa chuoni sifa ishirini za Mwenyezi Mungu tungali watoto, na hata leo twaweza kuzitaja moja baada ya moja pasipo kukosea. Hili ni jambo jema, kwani mtu hawezi kumtegemea asiyemjua. Lakini nawauliza: mvua ya masika ikichelewa Handeni, mahindi yakaanza kunyauka, hizo sifa ishirini huwa ziko wapi? Ulimi wazijua, na moyo umekwisha toka mbio kwenda kwa mpiga ramli. Wala simsemi mtu wa mbali. Nami nimesimama katika sala ya kuomba mvua huku moyo wangu ukihesabu madebe yaliyobaki ghalani.

Mtu wa Korogwe naye asijione amesalimika kwa kuwa mto Pangani wapita mlangoni pake. Yeye autegemea mto. Na maji ya mto huo huo huvutwa kwa mabomba hata Handeni. Bomba likipasuka siku mbili tu, tazameni nyuso za watu.

Tawakali si kukaa barazani na kungoja. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na bedui juu ya ngamia wake, alimwamrisha amfunge kwanza. Basi lima, palilia, weka akiba. Kisha lile lisilo mikononi mwako liache kwa Mwenyewe. Hapo ndipo penye uzito, maana kulima ni kwepesi kuliko kuacha.

Zingatieni habari ya Wazigua. Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliishika nchi hii, watu wakashuka pwani kutafuta chakula, na wengi wakatiwa utumwani, wakapakiwa majahazini hata Benadir, nchi ya Wasomali. Na katika walionunua na kuuza, ndugu zangu, walikuwamo Waislamu wenye kuzijua sifa ishirini. Walikiri kwa ulimi kuwa Mungu ndiye Mwenye kuruzuku, kisha wakaitafuta riziki yao katika shingo ya mwenye njaa. Kama wangaliamini kwa moyo yale waliyoyasoma, wangalihitaji nini kumuuza mtu kwa kibaba cha nafaka?

Wale waliouzwa, baadhi yao walitoroka wakaingia misituni kando ya mto Juba, wakalima huko, na lugha yao ya Kizigua hawakuiacha. Baada ya muda wajukuu wao wakasilimu. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipowafukuza, kundi moja likaja Tanzania, likapokewa Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo; na wenyeji wakawasikia wakisema maneno yao wenyewe. Wakapewa ardhi. Wakashika majembe, wakapanda mahindi katika nchi ile ile ambayo masika yake huchelewa.