Kabla Hujasema "Ana Hatia"



Kijana mwenzangu, kila mwaka, Jumatatu ya wiki ya tano ya Kwaresima, Kanisa linatusomea habari ya Susana (Danieli 13). Ni somo refu, na wengi wetu huwa tunasinzia katikati. Mwaka huu mimi sikusinzia, na sababu ni babu mmoja wa jumuiya yetu.

Babu huyu ni mwalimu mstaafu. Miaka ya nyuma aliwahi kuitwa kuwa mzee wa baraza, Mahakama Kuu ilipokuja wilayani kusikiliza kesi za mauaji. Wazee wa baraza si wanasheria. Ni raia wa kawaida wanaokaa na jaji, wanasikiliza kesi, na mwishoni kila mmoja anatoa maoni yake: mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji halazimiki kuyafuata, lakini lazima ayasikie. Siku hizi sheria imebadilika, si kila kesi inakuwa nao. Kule Uingereza na Marekani kuna kitu kinachofanana na hicho, ila mzigo ni mkubwa zaidi: raia 12 wanaookotwa kwa bahati nasibu ndio wanaoamua wenyewe.

Nilimuuliza, "Babu, ilikuwaje?" Nilidhani atajisifu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, sikulala siku nne."

Walikuwa watatu: yeye, mkulima mmoja, na mama muuza mbogamboga. Mshtakiwa alikuwa kijana wa rika letu. Aliletwa kutoka mahabusu, nywele timutimu, kandambili miguuni, macho mekundu. Babu anakiri: "Nilimtazama tu nikasema moyoni, huyu ndiye. Hakuna shahidi aliyekuwa amefungua mdomo bado."

Shahidi wa kwanza akasema alimwona kwa macho yake. Babu akaona basi, kesi imekwisha. Kumbe bado. Wakili wa utetezi akaanza kuuliza. Ilikuwa saa ngapi? Usiku. Mwezi ulikuwepo? Haukuwepo. Mwanga gani? Tochi. Tochi aliishika nani? Umbali gani? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Kila jibu lilipunguza kitu. Jioni ile babu alirudi nyumbani akiwa hajui tena anachokijua. Bibi akamuuliza kulikoni, naye hakuweza kumwambia, maana mambo ya kesi hayazungumzwi nje.

"Kilichonitesa zaidi," alisema, "ni wale akina mama wawili. Mama wa marehemu alikaa upande huu, mama wa mshtakiwa upande ule. Wote wamejitanda khanga, wote hawali. Nikisema ndiyo, mmoja analia. Nikisema hapana, mwingine analia. Na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa."

Siku ya mwisho jaji aliwafafanulia ushahidi. Akawakumbusha kwamba mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kuwa hakuua; kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka, na penye shaka ya kweli, shaka hiyo ni ya kumsaidia mshtakiwa. Kisha wakaombwa maoni, mmoja mmoja, kwa sauti, mbele ya watu wote. Mkulima akasema ana hatia. Mama akasema hana. Babu akasimama, miguu inatetemeka, akasema ushahidi aliousikia haukumtosha.

Yule kijana aliachiwa. Nje ya mahakama mama wa marehemu alimpita babu, akamtazama, hakusema neno. "Mpaka leo," babu aliniambia, "sijui kama yule kijana alifanya au hakufanya. Ninachojua ni kwamba nilisikiliza mpaka mwisho, na sikusema nisichokiona."

Sasa nikwambie kwa nini maneno hayo yalinichoma.

Mwaka jana, katika kikundi chetu cha vijana, shilingi 180,000 za mchango wa hija hazikuonekana. Mhazini alikuwa dada mmoja mpole, mwimbaji wa kwaya. Habari ikaingia kwenye grupu la WhatsApp saa mbili usiku. Kufika saa tatu dada yule alikuwa mwizi. Hakuna aliyempigia simu. Mimi niliandika maneno mawili tu: "Nilijua tu."

Nilijua nini? Sikujua chochote. Baada ya siku chache ikabainika kwamba alipotuma pesa kwa simu alikosea tarakimu moja, na alishatoa taarifa kesho yake asubuhi. Pesa zikarudi. Yeye kwenye kwaya hajarudi.

Jamani, babu alikaa siku nne, akasikia pande zote mbili, na bado aliogopa kufungua mdomo. Sisi ilitutosha saa moja na bando la intaneti.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Susana. Watu walikubali auawe kwa sababu waliomshtaki walikuwa wazee na waamuzi. Hakuna aliyeuliza. Roho wa Mungu akamwamsha kijana, Danieli. Angalia alichofanya: hakupiga kelele akaishia hapo. Aliwatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja swali moja dogo, ni chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Swali moja liliokoa uhai wa mtu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 2477) inafundisha kwamba kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, ni dhambi dhidi ya jina lake jema. Hata kimoyomoyo! Na namba 2487 inatukumbusha kwamba anayekosea dhidi ya ukweli ana wajibu wa kurekebisha alichoharibu. Kuungama kwa padri ni lazima, lakini hakunifuti wajibu wa kwenda kwa dada yule.

Nilikwenda. Nilimwomba msamaha, kisha nikaandika kwenye grupu lilelile, kwa jina langu, kwamba nilimsingizia. Alisema amenisamehe. Jumapili bado anakaa benchi la nyuma kabisa, peke yake. Namwombea, na nakaa karibu naye.

Wiki hii nakuomba mambo matatu:

1. Ukisikia habari mbaya ya mtu, usiandike kitu mpaka umsikie yeye mwenyewe.
2. Uliza swali la Danieli: aliona nani, lini, kwa mwanga gani?
3. Usiseme kwenye kundi neno ambalo usingethubutu kulisema ukiwa umesimama peke yako, mama yake akikutazama.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe peke yako uliyekuwa na haki ya kumrushia jiwe yule mwanamke, nawe hukurusha. Uzuie ulimi wangu na vidole vyangu. Unipe masikio ya kusikiliza mpaka mwisho, na ujasiri wa kuwarudishia jina lao wale niliowachafua. Amina.